Nusa Kabla Hujawasha

“Ya Kawira, hii shai yenu leo imepikwa na zimamoto?”

Aliyesema hivyo ni Sebit, wakala wa mizigo pale uwanja wa ndege, mtu ambaye bila kikombe cha asubuhi hata salamu huijibu nusu. Alikisukuma kikombe katikati ya meza kama mtu anayerudisha kadi ya mwaliko. Meza ya pili wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakainua vyao na kunusa.

Kawira hakuhitaji kuonja. Maziwa yalikuwa yameungua mpaka yakanuka kama shati lililosahaulika chini ya pasi.

“Pole, Sebit. Nakuletea kingine.”

“Lete ya tangawizi. Na apike mtu aliye macho.”

Jikoni, Kizza alikuwa anafuta meza huku akipiga mluzi, sufuria bado inafuka mvuke mbele yake.

“Kizza, hii chai umeonja?”

“Nimeonja. Sukari iko sawa.”

“Sijakuuliza sukari. Umenusa?”

Kizza akaitazama sufuria badala ya kumtazama yeye.

“Iko sawa, Kawira.”

Kawira akaibeba ile sufuria na kuimwaga yote kwenye mfereji wa nyuma. Kizza hakubisha. Hilo ndilo lililomkata Kawira maini, kwa sababu Kizza wa zamani angebisha. Kizza wa zamani angesimama langoni, bado ana vumbi la bodaboda kwenye viatu, aseme “maziwa inashika chini, punguza moto,” na ukienda kuangalia, kweli yanashika.

Mkahawa ule wa Mama Rebecca, hatua chache kutoka soko la Konyo Konyo, ulikuwa na sheria zake, na aliyezileta ni Kawira, msimamizi wake, binti wa wakulima wa kahawa kutoka Meru. Alizipaka mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu. Maziwa ya jana hayamgusi mteja wa leo, chai haipashwi mara ya pili, muosha vikombe hagusi jiko, na anayepika huonja na kunusa kabla kikombe hakijatoka. Juu ya jiko la gesi aliandika kwa herufi kubwa kuliko zote: NUSA KABLA HUJAWASHA. Konga, rafiki mkubwa wa Kizza, alichanganya maziwa ya jana na ya leo, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kizza alimwombea msamaha mpaka akachoka. Kawira akasema sheria ni sheria.

Na ukumbuke, huyo Kizza ndiye mchumba wake. Disemba watu wa kwao Masaka walikuwa waende Meru kujitambulisha. Mama yake Kawira alishawatangazia majirani, hata wale asiosalimiana nao.

“Nyabo,” aliita Namutebi kutoka kwenye bamba lake la chapati, “mimi sisemi kitu.”

“Basi usiseme.”

“Lakini leo Adhel hajakuja kazi. Umeona?”

Adhel alikuwa ndiye muosha vikombe, msichana mrefu aliyekulia kambini Kakuma, anaongea Kiswahili cha Kenya kumshinda hata Kawira mwenyewe.

“Ana mgonjwa nyumbani. Kwani?”

“Na wiki ile nyingine hakuja, kahawa ikatoka chungu kama dawa ya malaria. Kumbuka tu.” Namutebi aligeuza chapati. “Mwanaume anaunguza maziwa kwa sababu msichana wa kuosha vikombe hayupo. Banange. Mimi nikae kimya.”

“Kaa kimya kweli.”

“Nimekaa. Lakini hao watu wanafika hapa alfajiri, kabla jenereta haijawashwa. Wawili tu. Mimi napanga nyumba hapo nyuma, naona taa. Kalas, nimemaliza.”

Hakuwa amemaliza. Namutebi hajawahi kumaliza.

* * *

Jioni Kawira alijipulizia yale manukato ambayo Kizza mwenyewe alimletea kutoka Entebbe, akayapuliza zaidi ya kiasi. Walikaa nje ya chumba chake, wamegawana bakuli la maharage.

Zamani kila jioni Kizza angeweka pua shingoni kwake, avute pumzi, aseme: “Leo umesaga iliki. Halafu umegombana na mtu wa samaki.” Na angekuwa amepatia. Lakini tangu ile homa iliyomlaza wakati wa mvua, pua haikuja tena shingoni. Siku hizi alimbusu kwenye paji la uso, kama padri.

“Huoni kitu leo?” Kawira aliuliza.

Kizza akamtazama kuanzia juu mpaka chini. “Umesuka?”

“Nilisuka Jumapili.”

“Basi gauni. Gauni iko vizuri.”

“Kizza, unanipenda?”

“Swali gani hiyo, nyabo?”

“Swali la kujibiwa.”

“Nakupenda. Kula maharage, inapoa.”

Akambusu pajini, akaaga. Usiku ule Kawira alimpigia mama yake, akasema mambo ya Disemba yangoje kidogo. Mama akauliza kama ni pesa. Akasema si pesa. Mama akasema, “Basi ni mwanamke,” na Kawira akakata simu akidai mtandao.

Alfajiri simu ikaita kwa ujumbe. Ilikuwa ni Namutebi.

“Nyabo amka. Taa ya jikoni inawaka. Adhel amerudi. Mlango wamerudisha.”

* * *

Kawira alivaa viatu visivyolingana bila kujua. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa kweli, si kufungwa. Akasimama pembeni, ambapo angeweza kuona bila kuonekana.

Kizza alikuwa ameinama juu ya karai la kahawa kwenye jiko la makaa, sikio lake limeelekea chini. Adhel alikuwa amesimama karibu naye, karibu mno, bega limegusa bega, uso wake juu ya ule moshi. Hakuna sauti ya jenereta, ni buni tu zinapasuka pole pole.

“Bado?” Kizza aliuliza, kwa sauti ambayo Kawira hakuwa ameisikia tangu mvua.

“Bado kidogo.”

“Sasa?”

“Ngoja… ngoja. Sasa. Toa.”

Akatoa. Wote wawili wakacheka kwa kunong’ona, kama watu walioiba kitu kikakubali kuibika.

“Usimwambie Kawira,” alisema Kizza.

“Mpaka lini? Mimi nimechoka kujificha.”

“Kidogo tu. Baada ya Disemba.”

Kawira akausukuma mlango.

“Baada ya Disemba? Mngoje watu wa Masaka wafike Meru kwanza, ndiyo mniambie?”

Karai lilianguka na buni zikatawanyika sakafuni. Kizza akageuka.

“Kawira…”

“Nijibu jambo moja. Kuna kitu kati yako na huyu?”

Adhel alikunja mikono. “Madam, hebu sikiza…”

“Wewe sijakuuliza. Kizza, kuna kitu mnanificha au hakuna?”

Kizza akazitazama zile buni sakafuni.

“Iko,” alisema.

Neno moja tu. Kawira alitamani aongeze la pili, hata la uongo.

“Mwambie,” Adhel alimgeukia. “Kizza, mwambie, ama nitamwambia mimi.”

“Adhel, tafadhali.”

Hiyo “tafadhali” ndiyo iliyomaliza mambo. Kawira alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya meza, karibu na kopo la tangawizi.

“Meru hakuna mtu anaenda. Na wewe Adhel, muosha vikombe haruhusiwi kugusa jiko, sheria iko ukutani na kusoma unajua. Vaa viatu vyako uende.”

“Unanifukuza kwa sheria ama kwa wivu?”

“Kwa sheria.”

Adhel akacheka bila furaha. “Unadhani nataka mwanaume wako? Huyu? Nina mabinamu watano ambao tayari wananipigia simu kuhusu ng’ombe wa mahari yangu. Mimi nilitaka hili jiko, madam. Nilitaka anifundishe.” Akafungua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. “Siku moja utakuja kuniuliza. Utanikuta sokoni, kwa shangazi yangu.”

* * *

Mama Rebecca, mwenye mkahawa, alikuwa Nimule akifuatilia mzigo wa maziwa uliokwama mpakani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza Kawira alichofanya. Siku zilizofuata, yeye na Kizza waliongea kama watu wa benki.

“Chai mbili.”

“Tayari.”

“Kahawa moja, ya tangawizi.”

“Inakuja.”

Lakini kila kikombe Kawira alikipitishia pua, na kila cha pili alikirudisha. Mara kimejaa tangawizi, mara iliki haimo kabisa. Mara moja Kizza alimwaga maziwa mazima, mazuri, kwa kuogopa tu kwamba huenda yameharibika. Sebit akahamia kwa mama mmoja wa chai chini ya mwavuli, sokoni, akawa anawapungia mkono kila akipita.

“Mapenzi yamemla akili,” Namutebi alisema. “Anamlilia yule mrefu.”

“Namutebi, geuza chapati.”

Kisha ikaja asubuhi ya Jumatatu. Kawira alichelewa kwa sababu hakulala. Alipofika getini aliisikia jenereta, akamsikia Namutebi akiimba wimbo wa kanisani huku akikanda unga. Alipokanyaga tu kizingiti cha jikoni, harufu ikampiga usoni. Gesi. Nzito, ya kukaba koo, imejaa chumba kizima. Namutebi alikuwa nje kwenye upepo, hajui. Na ndani, chini kabisa ya maandishi mekundu, alisimama Kizza na kiberiti mkononi, njiti ishatoka, anatafuta upande wa kupigia.

Kawira hakupiga kelele. Alimrukia, akampiga mkono, kiberiti kikaruka nyuma ya magunia ya sukari. Akafunga mtungi, akamvuta Kizza kwa ukosi mpaka uani, akamsukuma hata akakaa chini.

“Namutebi, toka hapo! Zima makaa yako! Mimina maji!”

“Kuna nini, nyabo?”

“Gesi! Mimina!”

Makaa yalilia shwaa. Jenereta ikazimwa. Kawira akamrudia Kizza.

“Kizza. Nyumba nzima imejaa gesi. Mpaka nguo zako zinanuka gesi. Ulitaka kutuua?”

Kizza alivuta nguo yake puani. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtoto anayejaribu kuelewa somo. Kisha akaiachia.

“Sinusi,” alisema.

“Nini?”

“Sinusi kitu, Kawira. Tangu ile homa. Gesi sinusi, maziwa sinusi. Ulimi unajua sukari, unajua chumvi, kalas. Ukinifunga macho ukanipa kahawa na maji ya moto ya majani machungu, nitakwambia zote ni chungu.”

Namutebi akaweka jagi la maji chini, akasogea asikose neno.

“Na kahawa unakaanga vipi?”

“Kwa sikio. Buni ikiiva inapasuka, unasikia. Ndiyo maana nakuja kabla ya jenereta. Jenereta ikiwaka mimi ni kiziwi tena juu ya kukosa pua. Adhel alinikamata nikitia maziwa chachu kwenye chai ya watu. Akashika mkono yangu. Akasema, wewe nifundishe jiko, mimi nitakuwa pua yako. Kila asubuhi ananusa gesi, ndiyo mimi nawasha.”

Kawira alikaa chini pia, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Adhel ndiye aliyekuwa akinusa gesi, na aliyemfukuza Adhel ni yeye.

“Nilikuuliza,” alisema taratibu. “Nilikuuliza mbele yake kama mnanificha kitu. Ukasema iko. Ukaniacha nivue pete. Kizza, uliona afadhali nikuone mzinzi?”

“Mwanaume akiachwa kwa mambo ya wanawake, kesho anapata kazi mkahawa mwingine, watu wanacheka, inapita. Mpika kahawa bila pua nani anamchukua?”

“Sikuulizi watu. Nakuuliza mimi. Mimi ungeniambia.”

“Wewe ndiyo ulimtoa Konga.”

“Konga alikuwa na pua na akaitumia vibaya.”

“Nilimwombea kwako siku nzima, ukasema sheria ni sheria. Mimi nikawa nasoma huo ukuta kila siku. Nikasema, nikimwambia Kawira, ama ananitoa na anaumia, ama ananibakisha na anakuwa mwongo kama mimi. Nikasema baada ya Disemba. Labda pua itarudi.”

“Na shingo yangu?” Kawira alijigusa shingoni. “Nimejipulizia manukato kama mjinga. Nilifikiri nanuka vibaya kwako.”

Kizza aliinamisha kichwa. “Nilijaribu mara moja, wewe umelala. Hakukuwa na mtu hapo, Kawira. Niliogopa. Nikaanza kukubusu pajini.”

Hapo Kawira alilia, hasira na huruma vikisukumana mlango mmoja. Kisha akafuta uso kwa aproni na kuchukua simu.

“Unampigia nani?” Kizza aliuliza.

“Mama Rebecca.”

“Kawira, nakuomba.”

“Namutebi alikuwa anaimba hapo nje. Ana watoto watatu. Usiniombe.”

Akaeleza yote, la gesi, la pua, na la Adhel. Hili la mwisho lilimchukua muda kulitamka. Sauti ya Mama Rebecca ilitoka kwenye simu, kubwa kiasi cha kusikika mpaka kwa Namutebi.

“Kizza haruhusiwi kugusa gesi, hata kwa kidole. Tamam?”

“Sawa, mama.”

“Na wewe. Ulimtoa mtu wangu kwa wivu, halafu ukautumia ukuta wangu kama shahidi?”

“Ndiyo, mama.”

“Nitajua la kufanya na Kizza nikirudi. Wewe nenda ukamlete huyo msichana. Usitume mtu. Nenda kwa miguu yako.”

* * *

Adhel alikuwa chini ya mwavuli wa shangazi yake, amezungukwa na viti vya plastiki vilivyojaa watu, jebena, birika la udongo, mkononi, anamimina kahawa ya tangawizi kwenye vikombe vidogo. Sebit alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa. Alipomwona Kawira akajificha nyuma ya kikombe, kikombe chenyewe hakitoshi kuficha hata pua.

“Kaa, madam. Unakunywa?”

“Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Kunywa kwanza. Mtu haombi msamaha na koo kavu.”

Kawira akanywa. Ilikuwa imekaangwa ikaachwa pale pale inapopaswa kuachwa, si sekunde mbele wala nyuma. Mkono wa Kizza ulikuwa humo, lakini pua haikuwa ya Kizza.

“Ni nzuri,” alisema.

“Najua.”

“Nilikufukuza kwa wivu. Nikasema ni sheria. Na leo gesi ilivuja, karibu tufe wote.”

Adhel aliliweka jebena chini. “Kizza?”

“Mzima. Amesema yote.”

“Hatimaye.” Adhel akamjazia kikombe. “Unajua nilimwambia mara ngapi akwambie? Alikuwa ananiuliza, ‘Leo Kawira ananuka aje?’ Kila asubuhi. Nami nakwambia ‘Habari ya asubuhi, madam’, nakuinamia kidogo, narudi kumwambia. Leo sabuni. Leo iliki. Leo manukato mengi sana, huenda mmekosana.”

Kawira alikificha kinywa kwa kikombe.

“Hilo lilikuwa linanichosha kuliko vikombe,” Adhel aliendelea. “Basi. Nitarudi, lakini sioshi tena. Gesi ni yangu na jiko ni langu. Na kwenye ukuta unaongeza jina langu, kwa hiyo hiyo rangi.”

“Nitaongea na Mama Rebecca.”

“Hutaongea. Utamwambia.”

“Nitamwambia,” alisema Kawira.

“Na mimi je?” Sebit alidokeza kutoka nyuma ya kikombe. “Mimi nirudi lini?”

“Wewe ulipe kwanza kwa shangazi,” Adhel akajibu, na viti vyote vikacheka.

* * *

Mama Rebecca aliporudi alikata shauri bila maneno mengi. Adhel akashika gesi na maziwa. Kizza akabaki na karai la makaa peke yake, uani, chini ya bati nje ya mlango wa jikoni, asubuhi kabla ya jenereta, na buni zake hazitoki mpaka mwenye pua azipitishe, mbele ya watu, bila siri. Mshahara wake ukashuka. Wateja wakaambiwa. Wengine walimcheka wiki nzima, Sebit akiwa kiongozi, kisha wakazoea.

Pete ilibaki karibu na kopo la tangawizi. Kila mtu aliyechota tangawizi aliizunguka kwa heshima, kama kaburi dogo. Mama yake Kawira alipiga simu, akauliza habari za Disemba.

“Sijui, mama,” alisema Kawira. “Bado namsikiliza.”

Asubuhi moja Adhel alichelewa kwa sababu ya mvua. Kizza alikuwa amekwisha kumimina buni, moto umekolea, na karai haliwezi kungoja mtu. Akainua macho, akamwona Kawira mlangoni, shali kichwani, viatu vinavyolingana safari hii.

Hakuita. Kawira alikuja mwenyewe, akasimama upande wa Adhel, akainamisha uso kwenye moshi.

Buni zikaanza kupasuka, moja, nyingine, kisha kwa pamoja.

“Bado?” Kizza aliuliza.

“Bado kidogo.”

Akakoroga. Mvua ilipiga bati.

“Leo unanuka nini, Kawira?”

Kawira akafikiri. Angeweza kusema manukato, na Kizza asingejua.

“Kitunguu cha Namutebi. Shali ya unyevu. Mafuta ya nazi kichwani, kidogo.” Akavuta pumzi. “Na bado nina hasira na wewe. Hiyo nayo inanuka.”

“Inanuka aje?”

“Kama kitu kinachokaribia kuungua.”

Kizza akaitikia kwa kichwa, akarudisha sikio kwenye karai. Hakumharakisha. Alikoroga pole pole, akingoja, na huo ungojaji Kawira aliusikia begani kwake, joto, hauna haraka ya kwenda popote.

“Bado?” Kizza aliuliza tena, na safari hii hakuwa anaziangalia buni.

Kawira alinyoosha mkono ndani ya mlango mpaka kwenye kopo la tangawizi, akaiokota pete, akaipangusa unga kwenye aproni yake.

“Sasa,” alisema. “Toa.”